Mrija wa Tatu

Pikipiki ya Boxer ilinguruma ikiingia kijijini Runazi, mvua ikimchapa Selestina kifuani.

Redio ikakwaruza. "Kipanga, hapa Mlima. Kizuizi cha Kaniha shwari. Tunaangalia kamera."

"Mnaona nini?"

"Barabara tupu. Maharage yameanikwa kwenye turubai."

Selestina akakanyaga breki.

Maharage? Kwenye mvua hii? Aa-a! Mwanamke wa Kaniha atamwacha mume anyeshewe, siyo maharage.

"Picha ya uongo hiyo! Lori la bunduki tunalolisaka liko pale. Watoe vijana waliojificha nyuma ya kilima!"

"Bila kuliona? Hapana."

Na mlinzi wa kizuizi ni Nyandwi. Mdogo wake, tumbo moja.

Kompyuta ya kamera ilikuwa hapo Runazi, ufunguo anao fundi mmoja tu. Philbert.

Mlango wa chumba cha mtambo ukaruka kwa teke la Selestina.

"Karibu, mpelelezi," Philbert akasema, bastola mkononi. "Umelowa kama kuku."

"Toa mrija wako kwenye chungu cha watu."

Philbert akacheka. Alielewa. Ndani ya mashine ile, kiendeshi, programu inayoongoza kamera, kilimimina picha kwenye kumbukumbu, na programu ya kuonyesha ikanyonya humo humo, bila kunakili. Chungu kimoja cha pombe ya mtama, mirija miwili. Inakwenda haraka. Ila mnywaji ananyonya tu, hatemi. Philbert alikuwa ameingiza mrija wa tatu, akawa anatema humo picha ya jana.

"Waliofunga mtambo hawakuninyima ruhusa ya kuandika humo. Wajinga wao. Na mdogo wako anakufa sasa hivi."

Kofia ya pikipiki ikamvaa usoni. Risasi ikatoboa bati. Kiwiko kikafuata, kisha pingu.

Selestina akagonga vitufe.

Kumbukumbu ile, kusoma tu kwa wote isipokuwa kamera.

Programu ya Philbert ikafa. Picha ya kweli ikaja: lori, matope, Nyandwi amepigishwa magoti, bunduki kisogoni.

"Mlima, mnaona?"

"Tunaona! Vijana, ingieni!"

Kwenye kioo, askari wakamiminika kutoka kilimani. Mwenye bunduki akageuka, akaona mitutu pande zote, akaitupa yake topeni.

Nyandwi akainuka, akajifuta uso.

Redio ikakwaruza tena. "Kipanga, mdogo wako anasema umechelewa."

"Mwambie aanze na shikamoo."

Philbert akakohoa sakafuni. "Nani kanichoma kwenu?"

"Maharage."

Selestina akaokota kofia yake, akakung'uta maji, akatoka mvuani.