Bahasha ya Wakili

Kila asubuhi Laurence, binti wa Rénovat, alifagia uwanja, akachota ndoo mbili za maji, kisha akakimbilia shule huku umande ukimlowesha miguu. Alikuwa darasa la sita, mwaka 1996. Sanduku la posta kijijini kwetu Kakese lilikuwa moja tu, la shule. Barua ikifika, jina linasomwa mstarini, na mtoto wa jirani anaipeleka nyumbani.

Jumatatu moja Mwalimu Mabula alimpa bahasha kubwa ya kaki kutoka kwa Wakili Mbaruku wa Tabora. "Mpe baba yako leo hii. Ni ya kesi."

Kesi hiyo nani asiyeijua? Familia thelathini na mbili ziliamriwa kuhama bondeni ili mashamba apewe mwekezaji. Hawakuitwa wasikilizwe, hawakupewa fidia. Wakaenda Mahakama Kuu wakasema Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake namna hiyo. Wakashindwa. Ilibaki Mahakama ya Rufani tu, na taarifa ya kukata rufaa ilitakiwa kupelekwa ndani ya siku kumi na nne. Ndiyo maana wakili aliandika: "Nikate rufaa, au mmekubali? Nijibuni upesi."

Lakini Laurence alikuwa na lake. Kesho yake madaftari yalikuwa yanakaguliwa, na daftari lisilo na jalada ni viboko vinne. Rafiki yake Iman akaitazama bahasha, akacheka.

"We Laurence, kaki yote hiyo unaipeleka wapi? Jalidia daftari! Baba yako anasoma barua, hasomi bahasha."

Laurence akaichana, akaigeuza ndani nje, akajalidia vizuri kweli. Karatasi akazichomeka kwenye kitabu cha Jiografia, ampe baba jioni. Jioni ikafika, akaogopa. Baba akiuliza bahasha iko wapi? Akajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

"Mama, barua ya Tabora bado?" Rénovat alimwuliza bintiye kila arudipo kutoka shule.

"Bado, baba."

Wiki ya tatu trekta likaingia bondeni. Migomba ikaanguka mstari kwa mstari. Bibi yake Laurence, Athanasie, alisimama katikati ya mihogo yake akipiga kelele, "Nimezika watoto wawili hapa! Nawaachia nani?"

"Bibi, sogea," dereva akamjibu. "Mlishindwa kesi, na rufaa hamkukata."

Watu wakaenda shuleni kwa hasira. Makoye, mwenyekiti wao, akamnyooshea mwalimu kidole. "Mabula, umeikalia barua yetu! Wamekupa nini?"

Mwalimu akafungua daftari la barua, lenye jina la kila aliyekabidhiwa. Kabla hajasoma jina, Laurence akasimama mlangoni na kitabu cha Jiografia kifuani.

"Mwalimu hana kosa. Ninayo mimi."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga.

Makoye akasema kwa sauti ya chini, "Basi tuseme posta ndiyo iliyochelewesha."

"Hapana," Rénovat akakataa. "Twende kuomba haki na uongo mkononi? Tutasema yalivyokuwa."

Akapanda treni ya Tabora na mwalimu, wamebeba barua na lile jalada lenye mhuri wa posta. Wakaapa mahakamani kwamba ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miezi saba mahakama ikawaruhusu kukata rufaa nje ya muda. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikatamka: watu wale waliondolewa bila kusikilizwa, amri ile ni batili, warudishiwe ardhi yao.

Wakarudi kwenye visiki. Bibi Athanasie hakurudi. Alifia chumba cha kupanga kule mjini, Makanyagio, akazikwa huko huko, mbali na watoto wake wawili.

Siku ya kwanza ya kulima, Laurence alisimama shambani akilia. Mama yake, Pelagia, hakumbembeleza.

"Tumeshinda, ndiyo," alisema. "Ungesema jioni ile ile, ungechapwa, ungelia, yangekwisha. Sheria ina siku zake, mwanangu, haimsubiri anayeogopa fimbo. Kosa liseme lingali dogo. Ukilificha linakua, na anayeumia siyo wewe uliyeficha. Sasa shika jembe. Anzia pale alipokuwa analima bibi yako."