Kasiani Yumo Ndani

Alhamisi asubuhi, kompyuta ya tawi la Mlali ilimwambia Modesta kwamba Kasiani alikuwa ameshaingia. Modesta akacheka kidogo. Kasiani alikuwa mjomba wake, na walikuwa wamemzika wiki tano zilizopita.

Huo ulikuwa mwaka 2006. Kampuni binafsi iliyochukua ghala la ushirika ilikuwa na kompyuta tatu tu za maana, zote mjini Morogoro, na matawi yalizitumia kutoka mbali kwa njia ya intaneti iliyofungwa kwa siri, waliyoiita VPN. Bosi, ambaye ubahili wake ulifika hadi kwenye majina, hakutaka kuomba jina jipya la kuingilia. Alimwambia Modesta, aliyerithi kazi ya mjomba wake, atumie tu jina la marehemu. Basi kila asubuhi aliketi kwenye kiti kile akaandika: Kasiani.

Alimpigia simu Sufiani, fundi wa makao makuu.

"VPN imeunganika?" Sufiani aliuliza.

"Imeunganika, kaka. Ila kompyuta zote tatu zinasema Kasiani yumo."

"Ngoja nimtoe." Vitufe vililia upande wa pili. "Haya, nimemtoa. Jaribu."

Modesta alikuwa hajagusa kitu. Kioo kiliandika tena: Kasiani yumo.

"Karudi," Sufiani alisema, sauti imeshuka. "Dada, huyu mtu anaingilia hapo hapo ulipo. Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Ndipo ilipokuja harufu ya ugoro, ule ugoro mkali aliokuwa akiunusa mjomba, ikaja kwanza kidogo kama imepita dirishani, kisha ikajaa chumba kizima hadi macho yakamwasha, na nyuma ya shingo yake mtu akakohoa, na vitufe vya kibodi vikaanza kushuka kimoja kimoja bila kidole juu yake, vikaandika: Unaniita kila asubuhi. Nimeitika.

Modesta alikimbia hadi nyumbani, kiatu kimoja mguuni. Mama yake, Angelina, alikuwa akichambua maharage.

"Umelitaja jina la kaka yangu?" Angelina aliuliza, akiuweka ungo chini.

"Nililiandika tu, mama."

Katika ukoo wao jina la marehemu halitajwi mpaka siku ya tambiko, mpwa wake anapopewa jina hilo. Kabla ya hapo husemwa "yule bwana", basi. Hata padri alilijua hilo, akajifanya halijui. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Hawakuwahi kuona kibodi.

"Kesho kutwa tunampa kaka yako Agustino jina hilo," Angelina alinong'ona. "Mpaka hapo usiliguse. Jina lisilo na mwenyewe hujitafutia mtu, na litamchukua anayeliita. Litakuchukua wewe, mwanangu, na mimi nibaki na mwili wako tu."

Usiku huo Modesta hakulala. Ijumaa mchana Sufiani akapiga simu, amefurahi. Alikuwa amelifuta jina la marehemu na kumfungulia Modesta jina lake mwenyewe. Lori la kabichi lilikuwa likisubiri orodha, na kabichi hazingojei tambiko. Modesta akarudi ofisini.

Aliandika jina lake herufi moja moja, jasho likimtiririka, akitazama mlango, akisikiliza kikohozi ambacho hakikuja, akinusa hewa ambayo haikuwa na kitu ila vumbi la ghala, mpaka kompyuta ikafunguka bila ubishi wowote. Alilia kwa furaha. Alituma orodha, kisha akampigia Sufiani.

"Nimeingia, kaka! Asante sana!"



"Shikamoo, mzee," Sufiani alisema taratibu. "Samahani, naomba kuongea na Modesta."

"Ni mimi, kaka! Ni Modesta!"

"Sawa, mzee. Shikamoo. Nipe Modesta, tafadhali."

Modesta alifumbua kinywa apige kelele, lakini kinywa hakikumsubiri.

"Marahaba, mwanangu," kilijibu. "Modesta hayupo."