Toleo la Tatu la Kijino

Kijino aliondoka asubuhi na pengo, akarudi mchana na jino.

Jina lenyewe la utani alilipata kwa sababu ya pengo hilo la mbele, lililomfanya acheke kwa mluzi. Sasa alisimama mlangoni na begi mgongoni, anatabasamu, meno yamejaa kinywani, yamepangana sawasawa. Alinukia upya, ile harufu ya kifaa kinapotolewa kwenye boksi.

"Mama, hebu mwone mjukuu wako," mama yake Kijino alisema. "Jino hili limeota saa ngapi?"

Bibi alikuwa jikoni anamenya viazi. "Tangu lini meno ya watoto yakaomba ruhusa?" alijibu bila kugeuka.

Bibi hakuwa mtu wa kushtushwa na kitu. Hata mtu akibisha hodi hakujisumbua kuuliza ni nani, alipaza sauti kutoka alikoketi, "Aliyepo na aingie!" Wakaingia wauza sabuni, majirani, na siku moja mbuzi. Nyumba nzima ilimtania kwa hilo, naye hakubadilika.

Mama yake Kijino kazini walimwita Fundi, maana hakuna kilichoharibika pale ambacho hakikufika mezani kwake. Ofisi yao ilitengeneza programu za simu: ya tiketi za basi, ya zahanati, ya shule na ya soko. Zote zilikaa katika ghala moja ndani ya kompyuta kuu, zikichangia vipande vya pamoja, kwa hiyo ukigusa kipande kimoja umezigusa zote, na zote zinabidi zijengwe upya, zijaribiwe na zisambazwe. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, na mkono ulikuwa wa Fundi. Alipochoka akaamua kujenga mtambo wa kuifanya yote wenyewe.

Ili kuujaribu, alitunga programu ndogo ya tano akaiita Kijino. Akatia humo picha za mwanawe, sauti yake na kicheko chake cha mluzi. Kila toleo likitoka salama, kicheko kinalia ofisini na wenzake wanapiga makofi. Kisha akafuata desturi ya kazi: mtambo utunze matoleo matatu ya mwisho, lililo kuukuu zaidi lifutwe lisijaze nafasi.

Kilibaki kipengele kimoja, mlango wa ruhusa. Kabla ya toleo kutoka, mtambo ulisimama na kutaka jina la mwenye kuruhusu. Adhuhuri hiyo wenzake walikuwa wameenda kula, msimamizi alikuwa ametoka kumfokea kwamba kazi imechelewa, na Fundi alilaza kichwa mezani, karibu na mlango wa chumba cha seva, ile kompyuta kuu. Penye jina akaandika "yeyote aliyepo". Halafu akasema kwa sauti, kwa mdomo wa mama yake mzazi: "Aliyepo na apitishe, mimi sina nguvu tena."

Feni za seva zilinyamaza zote kwa pamoja, kisha zikaanza kuvuma tena. Kicheko kikalia. Fundi alifuta jasho, akashukuru, akaenda kula.

Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya jino.

Kesho yake baada ya jino, adhuhuri, kicheko kililia tena ofisini, na safari hii hakikuwa na mluzi.

"Nani amebadilisha sauti ya mwanangu?" Fundi aliuliza.

"Sisi tumeigusa wapi?" mmoja alimjibu. "Toleo la pili limetoka jana mchana, ulipokuwa umeshaenda nyumbani, hili ni la tatu. Tulidhani unacheza nayo wewe."

Aliangalia nani aliruhusu. Yeyote aliyepo, jana. Yeyote aliyepo, leo. Alichukua mkoba akakimbia nyumbani bila kuaga.

"Shikamoo, Mama," Kijino alimpokea mlangoni. "Leo mwalimu amenisifu, nimesoma ukurasa mzima kwa sauti."

Kijino alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Sentensi kama ile ingemchukua muda wa kuvua viatu vyote viwili. Mama yake alikuwa ameomba sana kigugumizi kile kiondoke, na sasa kilipoondoka nywele zilimsimama. Alichuchumaa, akamshika mabega, akamuuliza swali lao la kila siku.

"Wewe wa nani?"

Kijino wake angejibu, *wa-wako, u-utafanyaje?* na wangecheka wote wawili. Huyu alimtazama kwa upole, bila kupepesa.

"Hiyo sijapewa," alisema.

Bibi alitoka jikoni na kisu mkononi. "Mwanangu, huyu hanuki kama mtoto," alinong'ona. "Tangu jana sijalala. Kimbia kwa mshonaji."

Mshonaji wa mtaa wa nyuma alipunguza suruali na kutoa majini, na kwa kazi zote mbili hakupenda kuharakishwa. Safari hii alisimamisha cherehani mara tu Fundi, katika kumsimulia, alipofikia yale maneno ya "aliyepo na apitishe".

"Ulimwajiri," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikumwajiri mtu!"

"Ulisema aliyepo. Alikuwepo."

"Dada yangu, nakuomba, mwanangu yuko wapi?"

"Hiyo mimi ndiyo nikuulize. Vya zamani mnaviweka wapi?"

Fundi alikaa chini sakafuni, penye vipande vya nguo. Matatu ya mwisho yanatunzwa. La kwanza ndilo mwanawe. Likitoka la nne, la kwanza linafutwa, na sheria hiyo aliiandika mwenyewe kwa vidole vyake. Simu ikaita, msimamizi alikuwa anafoka kwamba kipande cha pamoja kinabadilishwa alasiri hiyo hiyo, yupo au hayupo.

"Usiguse! Bosi, nakupigia magoti, usiguse kitu!" Simu ilikuwa imeshakatwa.

Mshonaji alimwinua kwa mkono. "Mfanyakazi anaachishwa kazi na aliyemwajiri, kwa mdomo ule ule, mahali pale pale. Na kiti chake usikiache kitupu. Nenda!"

Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani naye hakurudi kukiokota, akapanda ngazi za ofisi akimsukuma kila aliyekuwa mbele yake, akafika mezani pake na mtambo umeshaanza, programu ya basi imejengwa, ya zahanati imejengwa, ya shule inajaribiwa, na chini kabisa jina la mwanawe linasubiri zamu, na ile harufu ya boksi jipya imejaa chumba kizima hadi wenzake wanakohoa na kufungua madirisha, na kutoka kwenye spika za kompyuta ikaja sauti safi ya mtoto, isiyokwama popote, inasema, "Mama, nimekukosea nini? Mimi sina kigugumizi. Mimi sitakuaibisha. Niache nikae."

"Unaongea na nani?" msimamizi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Fundi alikuwa analia. Alimpenda hata yule, kwa kuwa alikuwa na macho ya mwanawe. Alifuta "yeyote aliyepo", akaandika jina lake kamili, akasema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Uliyepo, nimekuachisha kazi. Mlangoni nipo mimi." Akabonyeza toleo la kwanza lirudishwe.

Feni zilinyamaza. Zilinyamaza kwa muda mrefu kuliko mara ile, na watu wazima walioshikana mikono ofisini mle hawakuona haya. Kisha kicheko kililia, na ndani yake mlikuwa na mluzi.

Alimkuta Kijino ameketi sebuleni na pengo lake, amechoka, vumbi magotini.

"Wewe wa nani?"

"Wa-wa-wako, u-utafanyaje?"

Alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Jikoni Bibi alikuwa anaimba, amerudia viazi vyake, na nyumba ilinuka vitunguu tu. Fundi alifikiri hajawahi kuwa na furaha kama ile.

"Ma-mama, kule ni-nilikuwa peke yangu," Kijino alisema kifuani pake. "Halafu wa-wakaja wengine wawili. Wana su-sura yangu. Wamebaki wanalia. Wamesema nyu-nyumba wanaijua."

Fundi alikumbuka sheria aliyoiandika. Kurudisha toleo la zamani hakufuti mapya. Matatu yanatunzwa.

Mlango ulibishwa. Hodi ilikuwa ya sauti mbili, nyororo, zimetoka kwa pumzi moja.

Alimwachia mtoto akaruka kuelekea jikoni, mkono ameunyosha mbele aufunike mdomo wa mama yake. Bibi alikuwa amempa mgongo, anamenya.

"Aliyepo na aingie!" Bibi alisema.