Aliyekaanga Samaki Wazazi

Jirani zangu, mimi ni mfuma nyavu, na kibanda changu kinatazamana na mabwawa mawili ya Baba Pacha na mkewe, wale wauza vifaranga vya samaki. Mkasa wao niliuona kwa macho yangu. Tena, Mungu anisamehe, niliula.

Asubuhi zao zilikuwa tamu. Mke anarusha pumba, samaki wanaruka, mume anapiga mluzi. Bwawa moja lilikuwa na perege weusi, wafupi lakini wavumilivu wa baridi, urithi wa marehemu mama yake mke. Weusi wa namna hiyo hawauzwi popote. Bwawa la pili lilikuwa na wekundu, wakubwa ila wanyonge.

Siku moja mume akawachanganya kidogo, ajaribu. Kusema kweli, wale chotara walitutoa macho! Wakubwa, wagumu, hawaugui. Mume akavimba kichwa.

"Mke wangu, wazazi hawa wa nini tena? Tuzalishe chotara kwa chotara."

"Baba Pacha, mbegu ya mama haichezewi."

"Mambo ya kizamani hayo! Weusi wako wenyewe dagaa tu!"

Mke alipokwenda sokoni, mume akakausha mabwawa yote mawili, akakaanga wazazi wote, akabakiza chotara tu, akaalika mtaa mzima. Mimi nilikula watatu. Msinitazame hivyo, hata nyinyi mlikuwepo.

Mke alirudi akakuta miiba. Alikaa juu ya ndoo, akalia. "Umemkaanga mama yangu!"

Msimu uliofuata, watoto wa chotara wakatoka shaghalabaghala. Mmoja mkubwa, kumi vibeti. Wengi walirithi ufupi wa weusi pamoja na unyonge wa wekundu. Baridi ilipoingia, wakaelea matumbo juu. Wateja wakahama, na watoto wao pacha wakaanza kulala na uji mtupu. Roho iliniuma.

Hapo mke akasema, "Mama alimpa mdogo wangu weusi ndoo moja. Sijui kama wapo bado. Nenda wewe, uliyewaita dagaa."

Tukaenda wote, Baba Pacha na ndoo, mimi na wavu. Shemeji yake ni fundi cherehani, na ulimi wake mkali kuliko mkasi wake.

"Hodi, shemeji."

"Nani? Yule mla wakwe?"

Baba Pacha akainama. "Ni mimi. Nimekosa, shemeji. Wale... wapo?"

"Wale nani? Wanaitwaje?"

"Waheshimiwa, shemeji."

Shemeji alicheka mpaka futi yake ya kupimia ikamwanguka shingoni. Nyuma ya nyumba, ndani ya tangi la kumwagilia mboga, migongo myeusi ilikuwa inazunguka. Kumi na wawili! Akatugawia wanane. Tulirudi mbio, maji yakitumwagikia miguuni, tukicheka kama wendawazimu. Mke alichungulia ndoo, akalia tena, safari hii kwa furaha, akamkumbatia mumewe na ndoo yake.

Leo weusi wamejaa bwawa. Wekundu waliagizwa wengine, na chotara wapo pia kwenye kibwawa chao kipya, wanakuzwa kwa kuliwa tu. Nimefuma wavu katikati ya mabwawa, samaki wasichanganyike tena, na Baba Pacha huukagua kila asubuhi kabla ya chai, huku akipiga mluzi.

FUNZO

Jamani, kuchanganya si kosa. Kosa ni kumaliza asili kwa tamaa ya kipya. Chotara wa kwanza akikupendeza, mle ushukuru, lakini wazazi wake watunze, kila aina na bwawa lake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na mkeo akikwambia ngoja, weka kikaango chini.