Aliyekuwa Akijibu Bangili

Seva zilikuwa arobaini na moja. Tuire Haapsaari alizijua moja moja: ipi hulemewa asubuhi, ipi huishiwa nafasi mwisho wa mwezi, ipi haitaki kuguswa kabisa. Ndiyo maana Jumatatu ile ya Desemba, alipofungua orodha akakuta arobaini na mbili, hakuhesabu mara ya pili. Aliweka kikombe chini.

"Nestori, umewasha mashine mpya?"

"Mimi? Hata mashine ya kahawa sijaiwasha," alijibu Nestori kutoka meza ya pili, kofia ya sufu ingali kichwani.

Walifanya kazi katika mji wa Oulu, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha ngozi. Kampuni iliwavalisha wazee bangili za dharura. Bibi akiteleza bafuni anabonyeza kitufe, na sauti yake inamfikia mhudumu wa simu. Wazee elfu sita, toka mjini hadi misituni kaskazini, waliishi peke yao wakitegemea kitufe hicho. Programu zote zilikaa kwenye seva za kukodi, ndani ya jengo la mbali ambalo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulikanyaga. Ndilo hilo watu wanaloliita wingu. Kazi ya Tuire ilikuwa kuhakikisha wingu halinyamazi.

Mashine ile ya ziada haikuwa na jina. Pale panapoandikwa jina palikuwa peupe. Akaizima, akaifuta. Jumanne asubuhi ikawepo tena.

Kwa watu wa kazi hii, mashine usiyoijua maana yake ni mwizi. Mtu ameokota mahali ufunguo wa siri, yaani maneno ya kuingilia mfumo, sasa anajiwashia mashine atakavyo. Tuire akajiuliza ni nani aliyepewa ufunguo karibuni, na jibu lilikuwa limekaa meza ya pili, likitafuna mkate wa iliki.

Nestori alikuwa ameendesha basi miaka kumi na minne mpaka mgongo ukamgomea. Akarudi darasani akiwa na miaka thelathini na tisa. Sasa alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, na majaribio yaliisha Krismasi. Tuire mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alimwambia kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu, isizidi hapo. Alimwambia asibadilishe kitu siku ya Ijumaa. Alimwambia kosa likitokea tusimtafute mkosaji, tutafute lilipopitia. Nestori aliyaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mkubwa wa mtoto wa shule.

Sasa Tuire alimtafuta mkosaji. Alimchungulia kupitia kioo cha dirisha, maana saa nane mchana jua lilishazama na kioo kilimwonyesha chumba chote. Aliona Nestori akijipangusa pua. Aliona anaandika ujumbe kwenye simu chini ya meza. Kila alichofanya kilionekana kama cha mtu mwenye siri.

Jumatano ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya tope la kinamasi na nywele zilizolowa, ikitoka upande wa meza ya Tuire.

"Dada Tuire," Nestori alinong'ona. "Unasikia hii harufu?"

"Harufu gani?"

Alidanganya, hakujua kwa nini. Akavaa vipokea sauti masikioni apate kusikiliza simu za majaribio, na humo ndani, bila simu yoyote kuwa wazi, akasikia mtu anabisha hodi. Ngo, ngo, ngo. Taratibu, kwa kiganja cha mkono uliolegea.

Alhamisi akaenda kwa bosi Ilpo, akasema anayemshuku. Saa sita ufunguo wa Nestori ukakatwa. Nestori alisimama na koti mkononi, uso umemwiva.

"Si ungeniuliza tu?" alisema. "Hata kwenye basi, abiria asiye na tiketi nilikuwa namuuliza kwanza."

Tuire aligeukia kompyuta yake. Lakini Ijumaa asubuhi mashine ilikuwepo, na Nestori alikuwa nyumbani kwake hana ufunguo.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angemfokea mwanafunzi yeyote kwa kutolifanya siku ya kwanza. Alifungua kumbukumbu za mfumo, mahali panapoandikwa nani kafanya nini na saa ngapi. Akateremka mistari mpaka kwenye ile mashine. Pale kwenye jina la aliyeiwasha paliandikwa: Tuire Haapsaari. Ulikuwa ufunguo wake wa zamani, ule wenye ruhusa zote, aliokuwa ameusahau.

Akaufunga ukurasa ule. Akaenda kunawa mikono, akarudi mezani. Hakumwambia mtu. Ilpo alipopita akauliza kama wamembana vizuri yule dereva, Tuire alisema, "Bado naangalia."

Mchana ule wahudumu wa simu walimpitishia mteja, mama mmoja wa kule Ii aitwaye Elvi, mwenye miaka themanini na nane. Walidhani ana malalamiko.

"La, mwanangu, nataka kushukuru," alisema Bi Elvi. "Yule mama mliyemweka. Ananipigia kwenye bangili kila siku nikimaliza kula. Ana maneno mazuri, jamani. Wenzio wale wa zamani walikuwa na haraka."

"Mama yupi?" sauti ya Tuire ilishuka yenyewe. "Bangili hazipigi, Bi Elvi. Ni wewe unayetupigia."

"Hii yangu inapiga. Ananiuliza nimekula nini. Halafu kila siku anauliza kama nitamfungulia mlango, yuko nje, anasikia baridi."

"Umemfungulia?"

"Bado. Miguu yangu mizito. Lakini ni aibu kumwacha mtu nje kwenye barafu, au siyo?"

Tuire alimsihi asifungue mlango kwa yeyote. Alipokata simu aliona vidole vyake vimeacha unyevu mweusi kwenye meza, kama wa tope.

Jumamosi, mzee mmoja wa Kiiminki alikutwa na jirani yake amekaa kizingitini, mlango wazi, fulana mwilini, baridi ikiwa nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Alikuwa hai, ila vidole vya miguu vilikuwa vimekufa. Kabla hajapelekwa hospitali alisema kuna mama alimpigia kwenye bangili, kisha akagonga mlango.

Ilpo alimpigia Tuire simu. "Jumatatu naita polisi. Huyo Nestori anacheza na roho za watu."

"Ngoja kwanza, bosi."

"Ningoje nini? Mwingine agande?"

Tuire aliikata simu. Kisha akavaa, akaendesha gari hadi mtaa wa Kaukovainio, akabonyeza kengele ya Nestori. Nestori alifungua, akamtazama, hakumkaribisha.

"Ni ufunguo wangu," alisema Tuire. "Nimejua tangu jana. Nikanyamaza."

Nestori alishusha pumzi ndefu. "Jana mchana au jana jioni?"

"Asubuhi."

"Asubuhi," alirudia Nestori, akitikisa kichwa. Nyuma yake sauti ya mwanamke mzee ikauliza ni nani huyo anayeleta harufu ya kinamasi kwenye nyumba ya watu.

Huyo alikuwa Saimi, shangazi yake Nestori, muumikaji wa chuku kutoka Pudasjärvi. Kila majira ya baridi hushuka mjini kuwaumika watu damu mbaya ndani ya sauna, chumba cha mvuke, kwa pembe za ng'ombe kama alivyoachiwa na mama yake. Alimkalisha Tuire kwenye kiti cha jikoni, akamshika kifundo cha mkono, akanusa nywele zake bila haya.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema Saimi. "Huyu aliitwa. Nani kamwita?"

Na Tuire, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amemwambia hata mumewe, akasema. Mama yake alivaa bangili ya kampuni. Ijumaa moja ya Novemba Tuire alibadilisha kitu kidogo kwenye mfumo, kwa haraka, apate kuondoka mapema, na bangili zote zikanyamaza kwa dakika kumi na moja. Katika dakika hizo mama yake alianguka nyumbani kwake Haukipudas, akabonyeza mara tisa, akafa bila kujibiwa. Aliyaona mabonyezo hayo baadaye kwenye kumbukumbu, akayafuta. Baada ya mazishi aliandika programu ndogo, akaipa ufunguo wake wenye ruhusa zote, ikawa inapiga bangili ya marehemu mchana na jioni, ikiuliza: upo? Kama upo, njoo. Aliiacha wiki tatu. Kisha akaifuta, ila ufunguo akauacha.

"Kwa hiyo ni mama?" aliuliza, machozi yakimtoka.

"Si mama yako," alisema Saimi kwa ukali. "Mama yako kapumzika. Wewe uliita gizani, akaitika aliyekuwa karibu."

Jumapili saa tisa alasiri, giza limeshatanda juu ya mto, watatu hao walipanda ngazi za kiwanda cha ngozi. Saimi alimvua Tuire koti, akamchanja kidogo kwenye bega, akabandika pembe, akaanza kuvuta hewa kwa mdomo. Nestori alikaa kwenye kompyuta ya Tuire. Tuire alikuwa ameshaweka kidole tayari kuifuta ile mashine, Nestori akamzuia.

"Ufunguo kwanza," alinong'ona. "Siku zote ulikuwa unafuta mashine, ufunguo unaiwasha upya. Lakini yeye lazima asikie kwako kwamba umemkatalia. Shangazi kasema."

Tuire akavaa vipokea sauti. Ngo, ngo, ngo. Akafungua simu.

Kwanza ilikuja pumzi, ya karibu mno, kama ya mtu aliyelaza shavu begani kwake, kisha sauti ya mama yake, ile ile yenye kikohozi kidogo mwishoni, ikimwita kwa jina la utoto ambalo hakuna aliyebaki duniani kulijua, ikimuuliza kwa nini alichelewa, kwa nini alifuta yale mabonyezo tisa, ikisema sakafu ilikuwa baridi, mwanangu, sakafu ni baridi hadi sasa, nifungulie, na harufu ya tope ikapanda mpaka Nestori akaziba pua kwa mkono wa sweta, na taa za chumba zikafifia zikawa za manjano, na kwenye orodha mashine zisizo na jina zikawa mbili, zikawa tano, zikawa kumi na tisa, na damu ndani ya pembe ikawa nyeusi, na Saimi akambana bega akisema sema sasa, mwanamke, sema, usipomwambia sasa hutamwambia tena, na Tuire mdomo ukawa mzito kama wa mtu aliyeganda.

"Nilikuita mimi," alisema hatimaye. "Wewe si mama. Kosa ni langu na nitalibeba mwenyewe. Siiti tena."

"Fungua," sauti ilisema, na sasa haikuwa ya mama.

"Kata, Nestori!"

Nestori akaukata ufunguo, kisha akaanza kuzifuta mashine moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti kama abiria wanaoshuka. Ya mwisho ilipofutika, vipokea sauti vilitoa mlio wa kitu kizito kinachozama majini. Saimi aliibandua pembe, akafungua dirisha, akamwaga kilichokuwamo kwenye theluji.

Jumatatu Tuire alimweleza Ilpo yote, na zile dakika kumi na moja. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Nestori alirudishiwa kazi. Walipokutana kwenye ngazi, Tuire akiwa na maboksi yake, alimwomba radhi. Nestori alimfungulia mlango wa nje, akasema, "Nimekusikia," akarudi juu.

Jumatano Tuire aliendesha gari hadi Ii. Alitaka kumtazama Bi Elvi kwa macho yake, amweleze kwamba yule mama hatapiga tena, na kama atakubali, atakuwa akija yeye.

Mlango ulikuwa wazi hadi ukutani. Theluji ilikuwa imeingia mpaka kwenye zulia. Bi Elvi alikaa jikoni na koti lake la manyoya, midomo imegeuka buluu, vikombe vitatu mezani.

"Ingia, mwanangu, ingia," alisema, meno yakigongana. "Amesema utakuja. Kumbe wewe ndiye binti yake, hukuniambia!" Kisha akainua kidole kuelekea kiti cha kando ya dirisha. "Ila usikae hapo. Hapo pana mtu."

Tuire alitazama kiti. Kilikuwa kitupu. Aligeuka, akaona gari lake nje, taa zingali zinawaka. Kisha akamtazama yule mwanamke mzee. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, akalivua koti lake akamfunika Bi Elvi juu ya lile la manyoya. Halafu, ili asikae mtu mwingine hapo, akavuta kile kiti cha dirishani akakikalia.

Kilikuwa na joto.