Kigoda cha Mbishi

Mechi ilikuwa imebakiza dakika nne. Namba iliyokuwa ikielea juu ya kichwa cha Yusta Chidabwa ilishuka kutoka hamsini na mbili hadi thelathini na moja, ikageuka nyekundu. Uwanja mzima uliguna. Honi ililia, na mchezaji bora kuliko wote waliopata kuvaa jezi ya Vumbi Jekundu la Dodoma akatoka nje akiangalia viatu vyake.

"Robo Tatu huyo!" mtu mmoja alipiga kelele jukwaani. "Kwaheri ya kuonana mechi ijayo!"

Watu walicheka. Jina hilo alikuwa amebandikwa msimu huohuo, kwa sababu robo tatu za kwanza alicheza hadi wapinzani wakamchukia, na robo ya nne hakuruhusiwa kuimaliza hata mara moja. Dakika chache baadaye Vumbi Jekundu, waliokuwa wakiongoza, walifungwa na Mawimbi ya Tanga. Fainali ikawa mechi mbili kwa mbili. Ya tano, ya kukata mzizi wa fitina, ingechezwa Jumamosi.

Dodoma ya miaka hiyo ilikuwa na mabasi ya angani yaliyotua juu ya mapaa, na minara iliyokamua maji kutoka katika hewa kavu. Hayo yalishazoeleka. Kilichowatia watu kiwewe kilikuwa Mpimamoyo. Jezi za wachezaji zilifumwa kwa nyuzihisi, nyuzi nyembamba zilizosoma mapigo ya moyo, jasho na mtetemo wa vidole. Mtambo ulipokea habari hizo, ukatoa namba moja tu kwa kila mchezaji, kutoka sifuri hadi mia, kuonyesha ana moyo kiasi gani. Sheria mpya ya Ligi ilisema kwamba katika dakika tano za mwisho za mechi za mtoano, yeyote anayeshuka chini ya arobaini anatolewa. Mashabiki, Ligi ilisema, wamelipa kiingilio kuona mashujaa, si waoga.

Aliyeubuni mtambo huo, Mhandisi Aloisia Mkunda, aliutazama mchezo kutoka chumba cha mitambo, ameridhika. Yeye ndiye aliyeuamsha kila mechi kwa kutamka "Anza kupima." Mpimamoyo haukutii sauti nyingine duniani. Kufuli hilo aliliweka mwenyewe ili timu yoyote isije ikauchezea.

Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa wa wasomi wengi: aliamini kwamba ubishi ni upungufu wa takwimu. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mapigo ya moyo peke yake hayasemi kitu. Moyo unaokwenda mbio unaweza kuwa wa hofu, unaweza kuwa wa hamu. Ilibidi mtambo ufundishwe upi ni upi, na Aloisia akaupa walimu aliowaona bora: kijiwe cha kahawa cha Majengo, kilichosifika mjini kote kwa kuchambua mpira wa kikapu. Kwa ruhusa yao alitundika kinasasauti kwenye nguzo ya kibanda, kikasikiliza ubishi wao kwa miaka saba. Kijiwe kiliposema fulani alikimbia mpira dakika fulani, mtambo uliyatafuta mapigo ya moyo wake ya dakika ile, ukajifunza: hivi ndivyo woga unavyofanana. Wabishi wote mle kwenye kinasasauti walijulikana kwa namba tu. Aliyezijua mechi kuliko wote, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, aliitwa Sauti ya Tatu. Maneno yake ndiyo yaliyopewa uzito mkubwa zaidi.

Kwa hiyo Alhamisi jioni Aloisia alikwenda Majengo, mara yake ya kwanza kufika pale mwenyewe. Mkononi alikuwa na kisanduku kidogo, Mpimamoyo wa mezani, zawadi ya shukrani kwa walimu wake.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, karibu ukae," alijibu Shebughe, muuza kahawa, huku akimmiminia kikombe. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Palibaki kigoda kimoja kifupi, chenye mguu mmoja uliolegea, katikati ya duara. Aloisia akakikalia, na kijiwe chote kikapiga makofi.

"Haya, tumepata!" alisema Bi Magoha, mwalimu mstaafu aliyekuwa amevaa kofia ya Vumbi Jekundu juu ya ushungi wake. "Mama, hapa wote tumekubaliana kwamba Yusta ameonewa jana. Pinga."

"Nipinge? Mimi nimekuja tu kuwashukuru..."

"Umekaa kwenye kigoda cha mbishi. Anayefika wa mwisho anakikalia, na akikikalia lazima apinge lolote ambalo wengine wamekubaliana. Amini, usiamini, hilo halituhusu. Kama hakuna wa kupinga, kahawa itapoa tunatazamana."

"Na akikubali je?"

"Anatununulia kashata sote," alisema Shebughe, na watu wakacheka.

Aloisia alicheka nao. Kisha mwanamume mmoja mnene, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akainuka upande wa pili.

"Mimi leo sina mzaha," alisema. "Nimefunga cherehani mapema kwa hasira. Yule binti ametolewa mnamwona hivihivi! Nani alitoa pasi kumi na mbili mechi ya pili? Nani alicheza kifundo kimevimba kule Tanga? Ile pasi ya fainali ya mwaka jana mnayomsimanga nayo, mwenzake alikuwa peke yake chini ya kikapu! Kukosa akose mwingine, woga abebeshwe Yusta?"

Kicheko cha Aloisia kilikatika. Sauti ile aliijua kama anavyoijua ya mama yake mzazi. Alikuwa ameisikiliza kwa miaka saba.

"Wewe ni Sauti ya Tatu," alisema.

"Mimi ni Fundi Sendalo."

"Lakini wewe ulisema alikimbia! Mwaka jana, baada ya fainali, miezi mizima. Ulisema aliogopa kupiga, akamtupia mwenzake mzigo. Ulisema akitulia vile ujue moyo umeshamtoka."

"Nilisema sana," alijibu Fundi Sendalo bila wasiwasi. "Nilikuwa kwenye kigoda."

"Miezi yote hiyo?"

"Mama yangu, mimi ni fundi cherehani. Wateja wangu wanapitia nguo wakitoka kazini. Ni siku gani sikuwa wa mwisho kufika?"

Watu walicheka tena, Fundi akiwa wa kwanza. Aloisia hakucheka. Alikiweka kikombe chini. Aliona yote kwa mpigo mmoja. Jinsi mchezaji alivyopendwa zaidi pale kijiweni, ndivyo alivyozungumzwa zaidi. Jinsi alivyozungumzwa zaidi, ndivyo aliyekalia kigoda alivyomshambulia zaidi. Mtambo haukujua habari za kigoda. Ulikuwa umejifunza woga kutoka kwa mtu aliyekuwa akitania, ukamhukumu kwa ukali kuliko wote yule aliyependwa kuliko wote.

"Fundi," aliuliza polepole, "moyoni mwako ulimwonaje Yusta?"

Fundi Sendalo aliishika tepu yake kwa mikono miwili. "Sijaona kama yeye. Ile jezi yake ya kwanza, ya timu ya mtaa, niliishona mimi."

Aloisia hakuweza kunyamaza. Aliwaeleza wote pale pale, neno kwa neno, jinsi mtambo ulivyofundwa na nani. Fundi aliketi taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Ina maana ni mdomo wangu," alisema.

"Ni kosa langu, Fundi. Nilikusikiliza miaka saba, sikuja kukuona hata siku moja."

Aliondoka na kisanduku chake bila kukifungua. Alfajiri ya Ijumaa aliufundisha mtambo upya, akiyaondoa maneno yote ya kigoda, ya kila aliyefika wa mwisho akawapinga wengine wote, kisha akaupa mechi ya nne. Namba ya Yusta katika dakika zile za mwisho ikatoka tisini na moja. Moyo wake kabla ya pasi ngumu haukuwa ukikata tamaa. Ulikuwa ukitulia, kama wa fundi anayetunga uzi kwenye sindano.

Katibu wa Ligi, Bwana Kihongole, alimsikiliza hadi mwisho.

"Basi rekebisha namba kimyakimya," alisema. "Kesho ataonekana shujaa, watu watashangilia, yameisha."

"Watasema Yusta amepata ujasiri. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuukosa. Huko ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mhandisi, ukitangaza kwamba mtambo ulikosea, nani atautumia tena? Timu nane zimesaini. Jina lako litakwenda na maji."

"Liende."

"Na kesho?"

"Kesho mtambo unahitaji maneno mawili kutoka kinywani mwangu ili uamke," alisema Aloisia akiinuka. "Sitayasema. Mnaweza kunifukuza, mnaweza kunishitaki. Kunisemea hamwezi."

Alimkuta Yusta kwenye uwanja wa shule ya sekondari, peke yake, akitupa mpira kutoka sehemu ileile tena na tena. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na kila baada ya mitupo kadhaa aliinama kulisugua goti. Aloisia alimweleza kila kitu: kijiwe, kigoda, Fundi, mtambo. Yusta alisikiliza akiudundisha mpira taratibu.

"Kwa hiyo mimi si mwoga," alisema mwishowe.

"Hukuwa hivyo hata siku moja."

"Mhandisi, mimi nilishaanza kuamini." Aliushika mpira kifuani. "Zamani nikishika mpira nilikuwa namwona mwenzangu. Sasa nausikiliza kwanza moyo wangu. Najiuliza, umeshuka? Umepanda? Kesho utaizima mashine yako uwanjani. Iliyomo humu ndani utaizimaje?"

Machozi yalimtoka Aloisia, akasema tu, "Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema Yusta. "Ila si leo. Leo nipasie huo mpira mwingine."

Jumamosi, kabla ya mchezo, Aloisia alisimama katikati ya uwanja akausema ukweli wote kwenye kipaza sauti, pamoja na jina la Yusta na neno "nilikosea." Alizomewa. Mtu akamrushia chupa ya maji, ikampiga begani. Hakuondoka mpaka alipomaliza.

Mwanzoni watazamaji walihangaika. Walizoea kuangalia namba, sasa wakawa wanakodolea macho hewa tupu juu ya vichwa vya wachezaji. Kisha, katika robo ya pili, Bi Magoha akasikika akipiga kelele, "Refa, una macho ya kuazima?" Jukwaa lililofuata likamjibu, na baada ya muda uwanja mzima ulikuwa ukibishana na ukitazama mchezo kwa macho yake wenyewe.

Yusta alicheza robo ya nne yote. Goti lilimuuma, waziwazi, na bado alipora mipira, alipanga wenzake, alifunga mtupo wa alama tatu uliowafikisha pointi moja nyuma ya Tanga. Kisha mpira wa mwisho ukafika mikononi mwake. Chini ya kikapu, mwenzake Pili Manento alikuwa peke yake, mkono juu.

Yusta alimwona. Lakini kabla ya kutoa pasi alisita, kiasi cha kupepesa jicho, na Aloisia, aliyekaa jukwaani kama mtu mwingine yeyote, alijua alichokuwa akikifanya. Alikuwa akiusikiliza moyo wake. Pasi ilitoka kamili, imenyooka, na mkono wa mlinzi wa Tanga ulikuwa umeshafika. Honi ikalia. Vumbi Jekundu walikuwa wamefungwa kwa pointi moja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Msimu mmoja wa mchezaji wa miaka thelathini na tatu ndiyo maji yenyewe.

Jumatatu jioni kijiwe kilikuwa kimejaa. Aloisia alikuwa benchini, amebanwa kati ya Bi Magoha na Fundi Sendalo, hana kazi, na bega bado linauma. Kwenye nguzo palibaki msumari mtupu uliokuwa umeshika kinasasauti. Fundi alikuwa amefunga cherehani mchana kutwa. Aliapa kwamba kile kigoda hatakikalia tena mpaka anaingia kaburini.

"Tumekubaliana?" aliuliza Bi Magoha. "Yusta alicheza kishujaa?"

"Tumekubaliana," walisema wote.

"Sasa nani wa kupinga?"

"Hodi," ilisema sauti nyuma yao.

Yusta Chidabwa alikuwa amesimama pale, goti limefungwa bandeji. Watu walinyanyuka kumpisha kwenye benchi, lakini yeye akapita katikati yao, akakivuta kigoda, akakaa kwa uangalifu. Kigoda kikayumba, kikatulia.

"Nimefika wa mwisho," alisema. "Na mimi napinga. Yule Robo Tatu wenu hana moyo. Alisita, nyote mlimwona. Mchezaji wa kusita atawafaa nini msimu ujao?"

Hakuna aliyecheka. Fundi Sendalo alisimama. Miaka yote hiyo maneno aliyokuwa nayo juu ya binti huyu hayakuwahi kupata nafasi. Alianza na jezi ya timu ya mtaa, iliyokuwa kubwa mno mabegani, na jinsi alivyokataa kuipunguza kwa kuwa aliona kabisa kwamba mwenyewe ataijaza. Akaeleza mechi baada ya mechi, pasi baada ya pasi, ushindi na vipigo. Akafika kwenye fainali ya mwaka jana, akasema ile ndiyo pasi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona maishani. Akaomba msamaha. Alimaliza jasho likimtiririka, akaifuta shingo kwa tepu yake ya kupimia, watu wakisubiri.

"Umekubali sasa?" alimuuliza Yusta.

Yusta aliinama akalisugua goti lake. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa, na alikuwa akitabasamu.

"Bado sijakubali, Fundi," alisema. "Endelea."