Sakafu ya Naisula

Siku ya mnada Karatu, mwaka sabini na sita, Cresensia aliingia dukani kwa Mzee Piusi kutafuta vigae, akamkuta mwanamume amepiga magoti katikati ya duka akipapasa kigae kwa viganja vilivyolowa maji.

Duka lilikuwa limejaa. Waliotoka kuuza mbuzi waligombea misumari na mabati, akina mama wakipimiwa mafuta ya taa, vumbi jekundu likiingia mlangoni kila gari lilipopita. Yule bwana hakumjali mtu. Alibandika kiganja juu ya kigae, akaegemea kwa uzito wote. Mkono ukateleza, nusura apige pua chini.

"Kaka, unakinunua au unakibatiza?"

Mwanamume akainuka. Alikuwa mrefu, masikio yametobolewa, amevaa shati la maua na suruali ya bugaluu, pana chini, iliyochafuka magotini. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha manjano, viatu vya raizoni vyenye soli nene na nywele zilizosukwa twende kilioni, mkono kiunoni.

"Nakijaribu tu, dada."

"Basi nipishe. Vigae hivi nimevisubiri tangu Pasaka."

Mzee Piusi akasema kutoka nyuma ya kaunta, "Wote mnavitaka, na havitoshi nyumba mbili. Elewaneni."

"Achukue yeye," mwanamume akajibu, akijifuta mikono.

"Kwa nini? Vina ubaya gani?"

"Havina ubaya. Kwangu havifai."

Cresensia akaona kama ametukanwa. "Kwako wapi huko? Ikulu?"

Mwanamume akacheka, meno meupe yote nje, na Cresensia akajikuta naye anacheka.

Jina lake lilikuwa Lembris. Kwao Nainokanoka, na kazi yake ilikuwa ufundi wa matengenezo katika hoteli moja ukingoni mwa kreta. Jioni ile alibeba maboksi ya vigae kwa lori la hoteli hadi kwa Cresensia. Msichana huyo alikuwa nesi wa zahanati, na nyumba aliyokuwa akiitengeneza aliachiwa na marehemu mama yake. Sakafu yake ilikuwa imepasuka mpaka mchwa wanatokea sebuleni.

"Nani atakutandikia?" Lembris akauliza.

"Unaomba kazi?"

"Naomba chai. Kazi nitafanya bure."

Kila Jumapili aliyopewa mapumziko aliteremka Karatu na mwiko wake. Cresensia alitoka kanisani, akafunga khanga juu ya gauni, akakaa kumpitishia vigae.

"Huo mstari umepinda, mpenzi."

"Ni shingo yako iliyopinda. Leta kingine."

Siku za kazi walipigiana simu, ya zahanati kwa ya hoteli, huku mtu wa mitambo ya simu pale posta akisikia kila neno.

"Huku ukungu umeshuka, sioni hata mkono wangu," Lembris alisema siku moja. "Nakuwaza tu."

"Karatu, fupisheni," mtu wa mitambo akaingilia. "Amesema anakuwaza, amesikika."

Nyumba ya Lembris ilikuwa upande wa pili wa mji, na sakafu yake ilimsumbua akili. Alimuuliza Cresensia kuhusu mbao, kisha akazikataa kwa sababu ya vibanzi vinavyochoma. Akauliza kuhusu mpira wa sakafu, akaukataa kwa sababu ungebanduka kwenye kingo.

"Unachagua sakafu kama watu wanavyochagua mchumba," Cresensia alimtania.

"Mchumba nimeshampata. Sakafu ndiyo imenishinda."

Mwishowe wakakubaliana juu ya saruji iliyolainishwa vizuri, yenye rangi nyekundu. Cresensia akaipata ile rangi ya unga kwa Mzee Piusi, akampelekea mwenyewe nyumbani, ingawa hakuwa amewahi kufika. Uani alikuta khanga na mashuka ya Kimasai yameanikwa. Jirani, mama mmoja aliyeitwa Lukresia, alikuwa akipepeta mahindi.

"Lembris yuko kazini," alisema. "Lakini Naisula yupo ndani. Si ndiye anayetengenezewa nyumba!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke akiimba taratibu. Cresensia aliuweka mkebe wa rangi mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Njia nzima uso ulimwaka.

Kesho yake simu ikalia.

"Cresensia, mpenzi, nimesikia ulipita..."

"Mpenzi wako yuko nyumbani kwako anaimba," akasema, akakata.

Lembris alipiga tena na tena. Akaambiwa nesi yuko kwenye chanjo. Alipokuja Jumapili alikuta mlango umefungwa, na vigae vya mwisho havijatandikwa.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Asubuhi moja mume wa Lukresia alifika zahanati akisukuma baiskeli, na nyuma amepakia dada mmoja mwenye shanga shingoni. Alimshusha kwenye benchi. Chini ya shuka miguu yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

"Polio, nikiwa mdogo," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini leo nimeleta mikono."

Viganja vilikuwa vimechubuka, kimoja kina usaha. Cresensia akaanza kuvisafisha.

"Umefanya nini?"

"Natembelea mikono. Sakafu ya kaka yangu ina mashimo na kokoto."

"Kaka yako nani?"

"Lembris. Mimi ni Naisula, na wewe ndiye wa vigae." Akamkazia macho. "Hali, halali, nimechoka kumwangalia."

Cresensia akaanza kufunga bandeji. "Kwa nini hakuniambia?"

"Yuko msichana mmoja wa Mto wa Mbu aliambiwa. Akaja, akaniona, akanywa chai. Hakurudi."

Wivu ulimtoka Cresensia, zikabaki hasira. Jumamosi alikwenda moja kwa moja kwa Lembris. Mlango ulikuwa wazi. Lembris alikuwa magotini ndani, mgongo kwa mlango, analainisha saruji mbichi akirudi kinyumenyume.

"Usiingie!"

"Siingii."

Mwiko ukasimama. Hakuweza kugeuka bila kuharibu kazi.

"Ulinipima, Lembris."

"Sikukupima. Niliogopa."

"Ulidhani mimi ni yule wa Mto wa Mbu?"

"Nilidhani nikikwambia mapema utakimbia, nikichelewa utakasirika. Nikachelewa."

Cresensia akaitazama sakafu. Ilikuwa nyekundu, imetulia kama maji. "Usiipake polishi. Itateleza."

"Sipaki."

"Na hiki kizingiti kivunje. Atakipandaje?"

"Kinazuia maji ya mvua."

"Maji tutapiga deki. Kivunje."

Lembris akauinua mwiko. "Tutapiga? Wewe na nani?"

"Umeniomba?"

"Naomba. Cresensia, naomba tuoane."

"Sijibu mgongo. Malizia kwanza."

Alikwenda uani kukaa na Naisula chini ya dirisha. Lembris alipotoka, saruji imemganda mpaka viwikoni, aliomba upya, safari hii uso kwa uso.

"Nakubali," Cresensia alisema. "Ila usinifiche mtu tena. Na kwa baba twende na Naisula. Asijulikane kwa kusimuliwa."

"Wifi ana amri," Naisula akasema, akicheka.

Jumapili iliyofuata lori likawashusha Qurus, kijijini kwa akina Cresensia. Mzee Josephati, baba yake Cresensia, hakuwa mtu mwepesi. Utotoni mwake ng'ombe wa baba yake walitekwa na morani wa Kimasai, na neno Mmasai halikumpendeza mdomoni. Ndugu zake walikuwa wamepanga viti sebuleni, juu ya ngazi za mawe. Lembris akainama ambebe dada yake.

"Niache," Naisula alisema. "Nitakaa hapa chini. Ninyi ingieni."

Akajivuta hadi kwenye mkeka uliotandikwa uani, mikono bado ina bandeji, akatulia. Cresensia alimwangalia baba yake.

Mzee Josephati alisimama mlangoni kitambo kirefu. Kisha akateremka ngazi polepole, akavua kofia, akaketi kwenye mkeka mbele ya Naisula.

"Waambieni walio ndani watoke," alisema. "Haya, wanangu. Semeni, nasikiliza."